Mtoto wa jicho: wazee wenu walipimwa nini kabla ya upasuaji? Tupeane uzoefu

Asalam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Mama yangu yuko Micheweni, anasubiri kutolewa mtoto wa jicho. Amepewa karatasi ndefu: wingi wa damu, figo, mkojo, kipimo cha moyo, picha ya kifua. Hana maradhi mengine, shamba bado anakwenda. Tunachangishana, na tarehe haipangwi mpaka majibu yatimie. Huku akichagua mchele anapapasa mawe kwa vidole, na mengine yanaingia chunguni. Inaniuma.

Kuna utafiti wa Marekani, 2000, wa upasuaji zaidi ya 19,000 wa aina hii. Kundi moja lilipimwa vipimo hivi vya kawaida. Jingine halikupimwa ila mgonjwa akiwa na tatizo jipya au lililozidi. Matatizo yalilingana, kama 31 kwa kila upasuaji 1,000. Nyinyi kwenu ilikuwaje?

WA WETE: Waalaikum salaam. Baba ana kisukari. Asubuhi ya upasuaji sukari ilikuwa juu sana, akarudishwa nyumbani mpaka itulie. Alinung'unika, lakini kwa hilo nawashukuru wauguzi.

MUUGUZI, UNGUJA: Msichanganye mambo. Kupima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele ni lazima, ndipo inapopatikana nguvu ya lenzi atakayowekewa. Hicho msikikatae hata kidogo. Presha huangaliwa, na sukari kwa mwenye kisukari. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema, na asiiache bila daktari kumwambia. Hiyo orodha nyingine ina maana kwa mgonjwa mwenye sababu. Kwa mzee asiye na maradhi mengine, anayechomwa ganzi ya jicho tu, mara nyingi haibadilishi kitu.

WA MKOANI: Bibi yangu alipewa karatasi kama hiyo. Shangazi akauliza kwa adabu, "Daktari, majibu haya yakija tofauti, utafanya nini?" Daktari akamuuliza bibi kuhusu kifua, pumzi na dawa anazokunywa, kisha akafuta picha ya kifua na kipimo cha figo. Ile nauli ya kurudi kufuata majibu ikabaki mfukoni.

Shukran sana. Swali la shangazi nalichukua, nitaandamana na mama mwenyewe. Kuna ambaye mzee wake aliambiwa hahitaji kipimo cha moyo? Mlielezwa sababu gani?