Vena ya mkono inasoma 1.8 leo, 2.4 kesho: ipi ya kuandika kabla ya fistula?

Swali (Skrini_Nyeusi)
Wakuu, tunapima mishipa kwa ultrasaundi kabla ya fistula (vena iliyounganishwa na ateri) ya dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine. Vena ya sefaliki, ile ya upande wa kidole gumba, karibu na kifundo cha mkono inasoma milimita 1.8, mpimaji mwingine anapata 2.4. Daktari wa upasuaji anataka walau 2.5. Tuamini ipi?

Jeli_Nyingi
Ile iliyopimwa mshipa ukiwa umejaa. Vena husinyaa kwa baridi na kwa woga, na pia mgonjwa akiwa ametoka tu kupunguzwa maji kwenye mashine. Chumba kiwe na joto, mgonjwa aketi, mkono uwe chini ya usawa wa moyo. Funga mpira juu ya mkono, subiri dakika 2, ndipo upime kwa mkato wa kukingama, ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani.

Lakini mchawi mkubwa ni proubu, kile kifaa cha ultrasaundi unachoshika juu ya ngozi. Uzito wa kiganja chako pekee unatosha kuibana vena. Mwaga jeli, proubu ielee juu yake. Mshipa ukionekana kama yai badala ya duara, umeukandamiza. Baadaye ubane kwa makusudi kila sentimita 2: pasipobonyea pana damu iliyoganda au kovu la sindano.

Mkato_Kingama
Ateri nayo: ile ya redio, ya upande wa kidole gumba, iwe na kipenyo cha angalau milimita 2, na chokaa kwenye ukuta wake itajwe, hasa kwa wenye kisukari. Andika pia kina cha vena. Ikizidi milimita 6 kutoka ngozini, sindano za dayalisisi zitaisumbua hata fistula ikikomaa vizuri.

Mtulinga
Kifua je? Ultrasaundi haipenyi mfupa, kwa hiyo vena kubwa zilizo nyuma ya mtulinga hazionekani. Mgonjwa aliyewahi kuwekewa katheta (mrija) shingoni au betri ya moyo, tazama wimbi la damu kwenye vena iliyo chini ya mtulinga. Lipande na kushuka kwa pumzi. Likinyooka tu, shuku kizibo mbele na uombe picha ya vena za kifua, la sivyo fistula itapitisha damu lakini mkono utavimba.

Skrini_Nyeusi
Na ikibaki 1.8 baada ya yote hayo?

Jeli_Nyingi
Andika 1.8, usiivute. Kisha panda kiwikoni, halafu pima mkono wa pili.