Mrejesho: kusimamishwa na polisi ukiwa na bastola ya kibali

Wakuu, niliuliza humu polisi wakinisimamisha na bastola iko kiunoni, kibali ninacho, niseme mwenyewe au nisubiri niulizwe. Basi limenikuta, tena usiku.

Nikapaki pembeni, nikazima injini, nikawasha taa ya ndani na kushusha kioo, mikono yote juu ya usukani vidole vimenyooka. Afande alipofika nikamsalimia, nikamwambia "afande, nina kibali cha kumiliki silaha na ninayo hapa, ungependa nifanyeje?" Yule mdau aliyesema nianze na neno kibali na sio bastola namshukuru sana, maana ukianza na bastola mtu anasikia hilo tu, mengine hayamfikii kabisa.

Akauliza iko wapi, nikamjibu kwa mdomo kiuno cha kulia, sikuonyesha kwa mkono. Pochi yenye kibali naweka mfuko wa kushoto wa shati, mbali na silaha, na kabla ya kuitoa nikamwambia naitoa sasa, nikaitoa taratibu kwa vidole viwili. Akaomba aishike yeye bastola mpaka tumalize, nikakubali akaichomoa mwenyewe, mimi sikuigusa.

Alirudisha vyote, bastola haina magazini ndani (kile kisanduku cha risasi), akasema niipakie akishaondoka.

Kuhusu kusema au kusubiri, sheria zinatofautiana jamani, mfano Michigan kule Marekani mwenye kibali cha kubeba silaha iliyofichwa lazima aseme papo hapo akisimamishwa, kwingine mpaka uulizwe. Mimi nitaendelea kusema tu.