"Sound": neno moja au maneno manne?

Kalamu Mbichi (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Natafsiri kumbukumbu za nahodha mmoja wa zamani kutoka Kiingereza, na kuna neno linanitoa jasho: "sound". Ndani ya kurasa chache nimelikuta hivi: alfajiri meli "entered the sound", mabaharia wakaamriwa "to sound" mara kwa mara, nahodha akasifiwa kwa "sound judgement", na usiku wakasikia "a sound" upande wa omo.

Hiyo ya mwisho ni sauti tu, haina tabu. Nyingine nazitambua kwa muktadha: mlango wa bahari, kupima kina, busara. Ninachotaka ni asili yake. Mhariri wangu anashikilia kwamba zote zimezaliwa na "sauti": eti mlango wa bahari umeitwa hivyo kwa kuwa upepo unavuma kati ya nchi mbili kavu, na kina kilipimwa kwa kusikiliza jiwe likigonga chini. Anataka tuiweke kama tanbihi. Roho yangu inasita. Mnasemaje?

Mchimba Kamusi

Mhariri wako angefaa sana kitengo cha ngano. Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza, utakuta vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) kadhaa vya "sound", kila kimoja na namba yake. Ni yale yale ya kwetu: kaa wa baharini, kaa la moto, na kaa kitako. Hakuna mtu anayedai kaa wa baharini ameitwa hivyo kwa sababu anapenda kukaa. Hizo ni homonimu, si neno moja lenye maana nyingi. Nadhani yuko humu mtu wa bahari atakayelieleza vizuri kuliko mimi.

Bildi

Nimeitwa, nimefika. Miaka mingi ya kazi yangu imepita kwenye meli za upimaji wa bahari, kwa hiyo moja kati ya hizo "sound" ndiyo iliyonilipa mshahara. Kalamu, tanbihi hiyo usiiweke.

Sauti kwanza, niimalize haraka maana haina utamu. Ni Kilatini "sonus", ikapita Kifaransa, Waingereza wakaipokea kama "soun". Ndiyo, bila d. Hiyo d iliota baadaye, ulimi ukiondoka kwenye n. Limetokea vilevile kwenye "thunder", ambalo kwa Kiingereza cha kale halikuwa na d, na Wajerumani hadi leo husema "Donner". Konsonanti na soneti nazo ni wajukuu wa "sonus" huyo huyo.

"Sound judgement" ni ukoo mwingine kabisa. Kiingereza cha kale kilikuwa na "gesund", yaani mzima, mwenye afya. Wajerumani wanalo hivyo hivyo mpaka leo, na ndilo lililo ndani ya "Gesundheit" wanayomwambia mtu akipiga chafya. Waingereza wakaangusha kile kiambishi cha mbele, ikabaki "sund", kisha "sound". Maana ya uzima imesambaa: meli isiyovuja ni "sound", anayeandika wosia lazima awe "of sound mind", usingizi usiokatika ni "sound", hata kipigo cha haja ni "a sound beating". Ukikuta "safe and sound" usihangaike, salama salimini imekaa pale pale tangu zamani ikikusubiri.

Mlango wa bahari ni "sund" ya watu wa kaskazini. Katika Kiingereza cha kale "sund" ilikuwa kuogelea, na pia bahari yenyewe. Ina udugu na "swim". Kwa Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, ilikuwa kuogelea na pia mlango wa bahari. Ukitazama ramani utaiona kati ya Denmark na Sweden: Øresund. Wafanyabiashara wa Kiingereza hawakujisumbua kutaja jina zima, wao walisema "the Sound" tu na kila mtu alijua. Walikuwa na sababu ya kuijua. Kuanzia mwaka 1429 hadi 1857 mfalme wa Denmark alitoza ushuru meli za kigeni zilizopita hapo, na mizinga ilikuwapo Helsingør, mji wa Denmark kwenye mlango huo, kwa ajili ya nahodha aliyejifanya hajasikia. Kama kumbukumbu zako ni za kabla ya 1857, na "sound" imeandikwa kwa herufi kubwa, angalia usije ukaandika "mlango wa bahari" wowote ule wakati yeye anataja huo mmoja.

Tena majina haya hayana nidhamu. Puget Sound ya Marekani, aliyoipa jina George Vancouver mwaka 1792, ni ghuba yenye matawi. Milford Sound ya New Zealand ni fiodi, mkono mwembamba wa bahari kati ya milima, iliyochongwa na barafu. Jina lisikuchagulie tafsiri, fungua ramani.

Na samaki naye anayo. Lile bondo linalomsaidia kuelea, Kiingereza cha wavuvi wa chewa wa kaskazini huliita "sound", nalo limetoka kwenye "sund" hii hii ya kuogelea. Nahodha wako akitaja mapipa ya "cod sounds", hakupakia kelele.

Bildi

Naendelea, maana hii ya nne ndiyo yangu.

"To sound" ya kupima kina imetoka Kifaransa, "sonder". Chombo chenyewe ndicho nilichojiita humu: bildi, kipande kizito cha madini ya risasi kwenye kamba. Kitako chake kina tundu linalojazwa shahamu, ili kikigusa chini kipandishe mchanga, matope au vipande vya kombe. Hapo unajua kina na unajua umesimama juu ya nini. Hakuna aliyekuwa akisikiliza kitu, mwambie mhariri.

Kamba ina alama za kusomwa kwa vidole gizani. Katika utaratibu wa Waingereza, pima mbili (pima moja ni futi 6) ni ngozi yenye mikia miwili, pima tatu mikia mitatu, pima tano kitambaa cheupe, pima saba kitambaa chekundu cha aina nyingine. Rangi ni ya mchana. Usiku mkono unatambua mfumo wa kitambaa. Alama ya pima mbili, futi 12, ilitangazwa "mark twain", na Samuel Clemens aliyekuwa rubani wa meli za mto Mississippi akaichukua iwe jina lake la uandishi.

Kutoka hapo imepanda hadi angani. "Sounding rocket" haina uhusiano na kishindo chake. Ni roketi inayobeba vyombo vya kupima tabaka za juu za hewa. Na "to sound someone out" ni kumpima mtu mawazo kabla hujamwambia lako.

Mwanafunzi wa Zamu

Shikamoo mzee Bildi. Mimi nilifundishwa kwamba mlango wa bahari unaitwa "sound" kwa sababu maji yake si marefu, kina kinapimika. Kumbe nayo ni ngano?

Bildi

Marahaba. Kwa namna ilivyosimuliwa ni ngano, mlango wa bahari umetoka kwenye kuogelea. Lakini huyo aliyekufundisha hakuwa mbali. Kiingereza cha kale kilikuwa na "sundgyrd", fimbo ya kupimia kina, na "sundline", kamba yake. Kwa hiyo wako wataalamu wanaosema "sonder" ya Kifaransa yenyewe iliazimwa kwa mabaharia wa kaskazini, halafu ikarudi Uingereza imevaa Kifaransa. Wengine wanaipeleka kwenye Kilatini, neno la kwenda chini ya mawimbi. Mimi nawaamini wa kwanza. Fimbo na kamba zinanishawishi kuliko neno la Kilatini ambalo halionekani limeandikwa popote, limekisiwa tu.

Sasa cheka kidogo. Mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya Titanic kuzama, Mjerumani Alexander Behm alipata hataza ya kupima kina kwa mwangwi. Alianza kwa kutafuta njia ya kugundua siwa barafu, akaishia kwenye sakafu ya bahari. Unatuma mlio, unasafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, unarudi, na umbali wa kwenda na kurudi unaugawa kwa mbili. Waingereza wakakiita chombo "echo sounder". Hapo "sounder" ni mpimaji, mtoto wa "sonder", lakini anapima kwa sauti. Maneno mawili yasiyojuana yamekutana kazini, na nimefanya kazi na vijana waliohitimu vizuri tu ambao hawakuwahi kuuliza.

Mchimba Kamusi

Mhariri asiione hiyo aya ya mwisho, atasema "si niliwaambia?"

Kalamu Mbichi

Haha, nitaificha. Tanbihi nimeifuta. Mzee Bildi, moja la mwisho: ukurasa wa mbele yupo nyangumi aliyechomwa chusa, halafu "the whale sounded". Alilia?

Bildi

Hapana. Amepiga mbizi kwenda kilindini, ni ile ile ya kina. Andika "nyangumi akazama kilindini", kisha soma mstari unaofuata: bila shaka kuna kamba inafunguka kwa kasi na mtu anaambiwa aondoe mguu.

Kalamu Mbichi

Kamba ipo. Mguu nao upo.