Sista ameitwa chuo Njoro na hataki kuenda, maisha ya huko yakoje kwa mtu wa Nairobi?

Mtu_wa_Umoja2

Wadau habari za jioni. Sista yangu wa mwisho ameitwa Egerton, ile kampasi kuu ya Njoro. KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, imempea ekonomia ya kilimo, kozi aliitaka mwenyewe lakini mji hataki hata kuuskia. Huyu ni mtoto wa Umoja, amezoea kushuka ngazi saa nne usiku na kurudi na chipo, sasa anasema anaenda kuzikwa shambani na anataka niombe transfa aje chuo cha hapa Nairobi awe analala nyumbani.

Mimi ndio nalipa kwa hivyo nauliza wale mmekaa huko ama mji mwingine wowote mdogo wa chuo, Maseno, Chuka, Kabianga, popote. Ni maisha ya aina gani? Akae hosteli ya ndani ama nimtafutie bedsita nje? Na pesa ya matumizi inapangwa aje juu sitaki kupigiwa simu kila katikati ya wiki. Tafadhali mtu asiniambie "atazoea tu", hiyo mathe ameshaniambia ya kutosha.

komredi_mstaafu

Bro digrii yangu yote niliifanya Njoro, siku hizi niko Roysambu. Kwanza toa hiyo picha ya msitu kwa kichwa. Chuo kiko kama kilomita 5 kutoka Njoro tauni na kama 25 kutoka Nakuru, mat ziko mchana wote, na Nakuru yenyewe ni jiji tangu Desemba 2021. Shamba ni kweli, hiyo sikatai, chuo kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Egerton na mpaka leo kuna ng'ombe na kuna yoghati ya Guildford inatengenezwa hapo hapo ndani. Sasa mtu wa ekonomia ya kilimo akikimbia ng'ombe ataenda kusomea wapi?

Chenye kitamshtua ni baridi. Njoro iko juu ya mita 2,000 na upepo wa upande wa Mau hauna adabu. Halafu mvua ya huko haifuati ya Nairobi, hapa Julai ni mawingu tu na kibaridi, huko Julai na Agosti inanyesha kabisa na tope unalijua. Blanketi nzito, sweta za ukweli, gumbuti. Raba nyeupe aache Umoja.

Kwa pesa sasa ndio wazazi wengi huwa hawaelewi. Huko mji mzima unakula kutoka mfuko mmoja. Hapa kwenu duka likikosa mwanafunzi litauzia soja, fundi, mama wa ofisi, lakini ukienda Njokerio, mtaa wa hapo nje ya chuo, karibu kila mteja ni komredi, yaani mwanafunzi, na makomredi wote wanaomoka wiki moja na kusota wiki moja. HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikiingia hauhitaji kuambiwa, utaona foleni ya kinyozi, utaskia nyama inachomwa kila kona, watu wanalipana madeni ya tangu semesta iliyopita. Ikikatika kila mtu amekatika pamoja, hakuna wa kukopa juu rumeti wako naye anakuangalia wewe.

Hapo ndio mama wa kibanda anakuja na daftari yake. Mwambie sista hiyo daftari ni muhimu kuliko waifai. Ajuane na mama mmoja wa chapo madondo, awe anakula kwake hata siku ako na pesa, na akikopa alipe bila kukumbushwa. Hatalala njaa. Lakini akila deni halafu aanze kupitia njia ya nyuma, hiyo stori itafika vibanda vyote kabla jioni, na kila asubuhi lazima apite hapo akienda klasi.

Kwa hivyo usimtumie ya semesta nzima mara moja, itaisha na zile sherehe za HELB. Tuma kidogo kidogo kila wiki. Na akikuambia anataka mtaji wa biashara uliza anauzia nani na atalipwa lini. Beste yangu alileta mtumba safi kutoka Gikomba, nguo zikapendwa na hosteli nzima, zikavaliwa na hosteli nzima, waliolipa wakahesabika kwa vidole. Kazi za onlaini ni afadhali juu anayelipa hakai Njoro.

MamaWawili

Mwanangu pole na hongera, wewe ni kaka mzuri. Wangu wa kwanza alisomea mji mdogo upande wa Meru, sio huko Njoro, lakini mambo ni yale yale. Mwaka wa kwanza mtafutie hosteli ya ndani ukiweza kuipata, wanaomba kwa mtandao na zinaisha haraka, usingoje siku ya kuripoti. Bei ni nafuu na usiku akitoka laibrari hatoki geti. Kuhama nje ni mwaka wa pili akishajua watu wake.

Ikibidi nje, usilipie nyumba kwa sababu ya picha za simu!! Enda mwenyewe ukaone. Uliza maji yanatoka wapi na tenki likikauka inakuwa aje, kama kila chumba kiko na tokeni yake ya stima ama mnagawana, dirisha liko na grili, na barabara ya kutoka hapo mpaka geti iko na taa. Uliza pia kodi ni ya mwezi ama ya semesta, wengi huko wanataka semesta nzima mbele. Hilo ndilo linaumiza. 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kutoka katikati ya Septemba mpaka mapema Novemba, watoto wakarudi nyumbani, na nyumba ikaendelea kuhesabiwa vile vile. Landilodi wetu aliniambia yeye hakugoma. Nilicheka kwa simu lakini moyoni nilikuwa namtusi. Lakini nikimfikiria yule mama wa mandazi wa hapo getini, huyo hata simu hakuwa na mtu wa kumpigia alalamike.

equator_boy

Mi niko tofauti kidogo na komredi. Nilisomea Maseno, pale laini ya ikweta inapita, soko letu Luanda, wikendi Kisumu, mvua karibu kila jioni. Nilipenda lakini sio kila mtu ataweza na ni vizuri sista aambiwe mapema. Mji mdogo hauna siri jo. Ukiachana na mtu utakutana naye asubuhi kwa lekcha, mchana mesi, jioni kwa duka la kredo, halafu Jumapili ako mbele yako kanisani. Msichana akionekana na boda mmoja mara mbili ashaozwa. Hapa Nairobi unaeza badilisha stage na maisha yako yakabadilika, huko hakuna stage ingine.

Na Jumapili mchana ni ndefu!! Ile ya kufunga semesta ndio mbaya zaidi, mji unazimika, vibanda vinafungwa, kama umebaki kwa sababu ya supu (mtihani wa kurudia) ama ataachi (mafunzo ya kazini) utaongea na mbuzi. Watu wa 2020 wanajua venye vyuo vilifungwa Machi, ile miji ilikuwa kufuli tupu.

Kitu nilipata huko na singepata hapa ni watu. Mkikosa pesa na mahali pa kuenda mtaongea tu, mtapika pamoja, mtasoma pamoja. Kina dada watatu kwa jiko moja la gasi, mmoja ako na waru, mwingine sukuma, mwingine mdomo tu, na wote wanakula. Hao mpaka leo ndio nawapigia mambo ikiharibika.

Juja_Kwetu

Si aombe Juja basi, ni mji wa chuo na ni hapa tu Thika Road.

komredi_mstaafu

@Juja_Kwetu Juja ilikuwa tauni ndogo zamani, saa hii ni fleti juu ya fleti, hiyo ni Nairobi imesogea.

@Mtu_wa_Umoja2 kitu ingine ya hiyo transfa. Ata akipata chuo cha hapa, hebu fikiria klasi ya saa moja asubuhi akitoka Umoja. Ataamka saa kumi na nusu, akae kwa jam ya Jogoo Road, arudi jioni amechoka na ukute mathe anamtuma dukani. Njoro anaamka saa kumi na mbili na nusu na anafika kwa mguu. Hizo masaa zote ni zake, za kusoma ama za kulala, hiyo ni juu yake.

Na si kweli hakuna pa kuenda. Kuna Menengai ya kupanda, kuna mbuga ya Ziwa Nakuru hapo kando ya jiji, na kuna lile jumba la Lord Egerton pale Ngata, wapenzi wanaenda kupiga picha, ata kama mwenye jumba alikufa bila kuoa.

Mtu_wa_Umoja2

Asanteni sana, mama ubarikiwe, maswali yako ya maji na stima nimeyaandika. Nimemsomea hizi zote, ya jam ya Jogoo Road ndio imemnyamazisha, ya boda imemkasirisha. Kwa sasa anasema ataenda semesta ya kwanza aone. Transfa kwani inawezekana baadaye?

MamaWawili

Inaombwa kwa KUCCPS wakifungua dirisha la transfa, lakini lazima pointi zake zifike kiwango cha hiyo kozi kwa chuo anachotaka na nafasi iwe imebaki. Dirisha likifungwa halikungoji, kwa hivyo kama ako na shaka muangalie tarehe pamoja sasa hivi, msingoje semesta iishe.

Mtu_wa_Umoja2

Sawa mama. Komredi, hiyo ya kutuma kila wiki, natuma siku gani?

komredi_mstaafu

Jumapili jioni. Ya Ijumaa inaishia Nakuru. Na ya unga na gasi itume kando umwambie ni ya nini, ikichanganyika na ya matumizi hautaiona tena.