Mrejesho: viungo vya maandishi au vya picha?

Ndugu zangu, niliuliza kama menyu ya tovuti ya duka letu la vitenge, iliyojengwa kwa vitufe vya picha tupu, ibadilishwe iwe viungo vya maandishi ili Google iielewe vizuri zaidi. Nawashukuru kwa dhati. Menyu sasa ni ya maandishi, na "Vitenge vya jora" inasomeka mapema hata kwenye simu yenye mtandao dhaifu, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa. Picha za bidhaa zimebaki kuwa viungo, lakini kila moja imeandikiwa maelezo mbadala (alt, yaani maneno yanayoieleza picha ndani ya msimbo wa ukurasa), kwa kuwa kiungo kikiwa ni picha Google huyachukua maelezo hayo kama maneno ya kiungo. Palipokuwa na alt tupu pameandikwa "kitenge cha bluu chenye maua meupe". Ripoti za Search Console, zana ya Google inayoonyesha jinsi tovuti inavyoonekana kwenye utafutaji wake, bado nazifuatilia.