MREJESHO: Seva ya Nginx na PostgreSQL imekaa sawa

Wakuu, habari zenu. Niliomba msaada kuhusu seva yangu ya Ubuntu 22.04: Nginx (programu inayopokea maombi ya tovuti) ilikuwa inatoa kosa la 502, yaani haipati jibu sahihi kutoka kwa programu iliyo nyuma yake, na PostgreSQL (hifadhidata) inagoma kwa ujumbe wa "Peer authentication failed". Asanteni sana wote mliojibu, mmeniokoa.

Hifadhidata ilipona kwa ushauri wa kuhariri pg_hba.conf, faili la PostgreSQL linalopanga nani aingie na kwa njia gani. Mstari wa "local" (wa miunganisho ya ndani ya seva) ulikuwa na peer, yaani PostgreSQL inataka jina la mtumiaji wa Linux lifanane na lile la kwenye hifadhidata. Nimeweka scram-sha-256 (kuingia kwa nenosiri), nikapiga systemctl reload postgresql ili isome mipangilio mipya, nenosiri likakubali hapo hapo. Mstari wa mtumiaji postgres (msimamizi mkuu wa hifadhidata) sikuugusa, kama mlivyonionya.

502 ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kwenye /var/log/nginx/error.log kulikuwa na "13: Permission denied". Soketi (faili la mawasiliano) ya Gunicorn, programu inayoendesha tovuti za Python, ilikuwa ndani ya /home, na tangu Ubuntu 21.04 folda ya mtumiaji mpya hutengenezwa na ruhusa 750 (asiye mwenyewe wala wa kundi lake haingii), kwa hiyo www-data, mtumiaji anayeendesha Nginx, hapenyi. Soketi nimeihamishia /run, imekubali. Ushauri wa chmod 777 sikuufuata, na anayesoma hapa baadaye naye asiufuate: unamfungulia kila mtumiaji wa seva mlango wa kuandika.

Kilichobaki ni RAM ya GB 1. Swap (sehemu ya diski inayotumika kama memori) ya GB 2 mliyoshauri imezuia PostgreSQL kuuawa memori ikijaa, lakini ripoti kubwa bado zinajikokota. Hapo naona dawa ni kuongeza RAM tu.