Naomba ushauri: silika ya florasi inaachia kila kitu mkupuo mmoja

Wakuu habari zenu. Niko Dar, nasoma shahada ya pili ya kemia. Molekuli yangu nimeifunga mkia wa florini (C8F17) nikwepe kolamu ndefu ya kusafishia: napitisha sampuli kwenye silika ya florasi (unga wa silika uliopakwa minyororo ya florini, hushika vyenye mkia kama huo), naiosha kwa methanoli asilimia 80 na maji 20, uchafu utangulie, kisha methanoli tupu ishushe yenye mkia. Kwenye makaratasi rahisi! Kwangu vyote vinashuka mkupuo wa kwanza.

Sampuli niliyeyusha kwa THF (kiyeyushi, tetrahidrofurani), mililita 2 kwa silika gramu 2. Nahisi THF ndiyo mchawi, maana nayo huvuta vitu vya florini. Nihamie DMF (kiyeyushi kingine, dimethilifomamidi), au nipunguze ujazo tu? Na silika hii niioshe niitumie tena? Kuagiza nyingine ni kusubiri miezi.